Mji Usio na Jalala

Machelaruka, machela ya wagonjwa iliyoruka yenyewe angani, ilishuka polepole juu ya paa la Jengo la Pumzi ya Kwanza, mabawa yake yakizunguka bila kelele, na paa likajifungua kuipokea. Ndani yake alilala mtoto njiti aliyezaliwa asubuhi ile katika kijiji kilicho ng'ambo ya mto Ugalla. Ngozi yake ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, na alipumua kwa kusitasita. Mikono miwili ya chuma iliyovishwa kitambaa laini ilimchukua, ikamgeuza ubavu, ikamteremsha mpaka ukumbini na kumlaza ndani ya kiota.

Kiota kilikuwa mashine yenye umbo la yai lililokatwa upande mmoja. Kuta zake za ndani zilikuwa za ngozi-joto, kitu laini kilichooteshwa maabara, ambacho kilipanda na kushuka kama kifua cha mtu anayepumua. Ndani ya ngozi-joto mlisikika mdundo wa moyo. Njiti husahau kuvuta pumzi, na kila mtoto aliposahau, ukuta ulimsukuma kidogo mgongoni mpaka akakumbuka. Kiota kilimpa hewa, maji na maziwa kwa kipimo chake mwenyewe. Hakuna muuguzi ambaye angeweza kukaa macho hivyo kwa kila mtoto, mchana na usiku, bila kupiga hata mwayo.

Nyuma ya kioo alisimama Aikande Shao, injinia wa viota. Alikuwa ametoka Moshi na kuletwa Tabora na kampuni iliyotengeneza mashine hizo, kampuni iitwayo Mbeleko. Aliijua kila waya na kila bomba la kiota. Hata hivyo, kila mtoto alipovuta pumzi ya kwanza mle ndani, naye alijikuta akivuta yake.

Kabla ya viota, njiti wa mikoa ile walikuwa wakifungwa pamba na kuwekwa karibu na chupa ya maji ya moto, na wengi walizikwa bila jina. Serikali haikuwa na uwezo wa kununua mashine. Kampuni ilikuwa na mashine, lakini haikuwa na majengo wala wauguzi. Ndipo pande hizo mbili zikaungana na kufanya ubia. Serikali ikatoa jengo, umeme wa jua na wauguzi. Mbeleko ikatoa viota na mainjinia. Watu waliokuwa wakicheka mpango huo waliacha kucheka walipoona wanawake wanarudi vijijini wamebeba watoto ambao zamani wangerudi bila wao.

Sikitu, muuguzi mkuu wa zamu, alimjia Aikande akiwa amekunja uso.

"Injinia, kiota kile cha dirishani kimemfungia mama tena."

"Kimeharibika?"

"Hilo ndilo nataka uniambie wewe."

Aikande alikipima kiota kile na kukikuta kizima. Ndani yake alilala mtoto wa kike ambaye hakuwa mzima hivyo. Aligoma kunyonya. Kiota kilimpa maziwa ya benki, yaliyochangwa na akina mama wengine, kupitia chuchu ya mpira, naye aliyaacha yamtoke pembeni ya mdomo. Juu ya uso wa kiota yalisomeka maneno ya kijani: Mtoto anahitaji ngozi ya mama yake. Chini yake yalisomeka mengine, mekundu: Mama ni hatari. Mlango umefungwa.

Aikande aliyasoma yote mawili, akayarudia. Mashine moja ilikuwa ikimwita mama na kumfukuza kwa wakati uleule.

Aliyemfungia mama mlango ni sikio. Kila kiota kilikuwa na sikio, kidude kidogo kama punje ya muhindi, kilichosikiliza sauti ya mama anapozungumza na mtoto wake. Miaka ya mwanzo, katika miji mingine, watoto kadhaa walioponea viotani walikutwa wametupwa baada ya kurudishwa nyumbani. Serikali ilishtuka ikaomba ulinzi. Mbeleko ikakusanya sauti za akina mama wa miji mingi, ikaifundisha mashine kutofautisha sauti ya mapenzi na sauti ya chuki. Sikio likisikia chuki mara kwa mara, mlango wa kiota haumfungukii mama huyo, na mtoto huandaliwa kwenda nyumba ya malezi.

Aikande aliomba kiota kirudie kilichosikia. Sauti ya mwanamke kijana ilitoka, ya chini, karibu kama mnong'ono.

"Kitu gani hiki? Kibaya, kimekunjamana kama tumbaku iliyokauka. Nani alikuita? Mimi sikutaki. Nitakutupa jalalani."

Kisha sauti ya mwanamke mzee: "Katupe tu. Hakina faida hicho."

Wazo la kwanza la Aikande lilikuwa kwamba sikio lilikuwa limesema kweli.

Nje ya mlango wa ukumbi palikuwa na benchi refu la saruji. Pale ndipo walipokaa akina mama waliofungiwa, kwa sababu hawakuruhusiwa kuingia na hawakuweza kuondoka. Siku ile walikuwapo wanawake wachache, kila mmoja na furushi lake. Mama wa mtoto wa dirishani aliitwa Kalunde. Alikuwa msichana mwembamba aliyejifunga kitenge kifuani, na kitenge kilikuwa kimelowa maziwa sehemu mbili. Kando yake aliketi mama mkwe wake, Bibi Holo, akimenya karanga na kumwekea Kalunde kiganjani, ingawa Kalunde hakuzila.

Aikande aliwaamkia. Bibi Holo alimjibu kwa Kinyamwezi, akamwona anavyobabaika, akahamia Kiswahili.

"Wewe ndiye mwenye mashine?"

"Ninazitengeneza tu, bibi."

"Basi itengeneze. Mkwe wangu maziwa yanamwagika chini kama mvua na mtoto analala njaa."

Aikande aliwaeleza kwa upole kile mashine ilichosikia. Alitarajia watakana. Hakuna aliyekana. Kalunde alitazama vidole vya miguu yake. Bibi Holo alimuuliza Aikande kama amezaa. Aikande alisema bado.

"Ndiyo maana," alisema Bibi Holo, akaendelea kumenya karanga.

Wanawake wengine pale benchini walicheka kidogo, cheko la watu ambao hawajacheka siku nyingi.

Ilikuwa ni Sikitu aliyemvuta pembeni, karibu na mabeseni ya kunawia.

"Injinia, mimi naitwa nani?"

"Sikitu."

"Umewahi kujiuliza kwa nini mtu amwite mwanawe hivyo?"

Aikande hakuwahi kujiuliza. Kwake lilikuwa jina kama majina mengine.

"Mama yangu alizika watoto kabla yangu," Sikitu alisema. "Nilipozaliwa akaogopa hata kunitazama. Akawaambia majirani, huyu si kitu, msihangaike naye. Hivyo ndivyo alivyonificha. Kinachowachukua watoto kikipita kuuliza mlangoni, kisikie kwamba hapa hakuna cha maana. Sasa mimi mtu mzima na nina wajukuu, lakini akinipigia simu kitu cha kwanza ni kuuliza kama Sikitu wake amekula."

"Na Kalunde?"

"Kalunde amezika wote waliotangulia."

Aikande akamuuliza, kwa sauti yenye hasira kidogo, kwa nini hakuwaambia wakubwa. Sikitu alisema aliwaambia. Walimtaka aandike maelezo, akaandika. "Sikio halisomi," alisema.

Mchana ule Aikande alizungumza na Dakta Rwechungura, mwenyekiti wa ubia, aliyeonekana kwenye kioo cha ukutani akiwa ofisini kwake Dodoma. Alikuwa mtu mpole, mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha, na alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Ninakuamini," alisema. "Tatizo ni kwamba sikio lina funguo mbili. Serikali ina mmoja, Mbeleko ina mwingine. Tulifanya hivyo ili upande mmoja usije ukaondoa ulinzi wa watoto peke yake. Kuubadilisha uamuzi wa sikio ni lazima tukae pamoja, na kikao ni baada ya mvua."

"Mtoto hatafika baada ya mvua, Daktari. Na gari la nyumba ya malezi linakuja kesho."

"Ukikifungua kwa nguvu?"

Alijua jibu, na Aikande alijua kwamba anajua. Viota vya safu moja vilitumia moyo mmoja wa umeme. Kimoja kikifunguliwa kwa nguvu, safu nzima inazima ili mwizi asiweze kuiba mtoto. Katika safu ile ya dirishani walilala watoto wengine, na baadhi yao walikuwa bado wanasahau kupumua.

"Hatuwezi," alisema Aikande.

"Basi mwambie mama aseme neno zuri. Sikio likisikia mapenzi ya kutosha litamfungulia lenyewe. Ni neno tu, Aikande."

Aikande alirudi benchini na neno hilo. Alichuchumaa mbele ya Kalunde, akamwambia kwamba asiseme mengi. Asogee kwenye kioo, amwite mtoto mzuri, amwambie anampenda, na mlango utafunguka. Hata kama hapendi kusema, aseme tu, halafu abaki na yake moyoni.

Kalunde alikuwa hajazungumza tangu asubuhi. Sauti yake ilipotoka ilikuwa imekauka.

"Wa kwanza nilimwita ua langu, dada. Nilimwimbia mpaka majirani wakanisema. Waliofuata nao niliwasifu, kila mmoja na sifa yake. Wote wako nyuma ya nyumba." Alijipangusa kifua kwa ncha ya kitenge. "Huyu ndiye nimejifunza kumnyamazia. Sasa unataka nimsifu mbele ya mashine inayosikika mpaka mijini huko?"

"Asiponyonya atakufa."

"Nikimsifu pia."

Aikande alikuwa amesoma vyuo viwili, na hakuamini kwamba neno linaweza kuua mtoto. Lakini alimtazama Kalunde akaona kwamba mwanamke huyu alikuwa amebakiwa na kinga moja tu duniani, na yeye, injinia, alikuwa amekuja kumwomba aiweke chini.

Bibi Holo alikung'uta maganda ya karanga mapajani mwake. Aliuliza kama mtoto akiwa na mama mwingine, mashine itamsikiliza huyo mwingine. Aikande alifikiri. Mkataba wa ubia uliruhusu mlezi mbadala, mtu anayekubaliwa na muuguzi mkuu wa zamu. Kwa kawaida alikuwa ni mfanyakazi wa nyumba ya malezi. Lakini mkataba haukusema lazima awe huyo. Na mara mlezi akishaandikwa, sikio humsikiliza yeye tu. Mama aliyezaa huwa kwalo kama mpita njia.

"Basi tumtupe vizuri," alisema Bibi Holo. "Tulimtupa kwa mdomo tu, ndiyo sababu mambo yamekaa upande. Mtoto wa namna hii anatupwa jalalani kweli, na mtu asiye wa ukoo anapita anamwokota. Anakuwa wake. Anatuletea sisi tumlelee. Akianza kutembea tunamkomboa kwa kuku." Akamtazama Aikande kuanzia viatu mpaka nywele. "Wewe si wa ukoo."

"Mimi ni Mchaga, bibi."

"Vizuri zaidi. Hakuna atakayekujia kukuuliza."

Mtoto hakuweza kutolewa kiotani. Bibi Holo alisema nguo yake inatosha, na Kalunde akafungua furushi akatoa kipande cha kanga ambacho mtoto alipokelewa nacho, chenye doa lililokauka. Kilichokosekana kilikuwa jalala.

Tabora ya siku zile ilikuwa safi kupita miji mingi. Takataka ziliingia kwenye midomo ya mabomba iliyokuwa kila kona, zikanyonywa chini ya ardhi mpaka kwenye tanuri lililozigeuza kuwa umeme. Wafagiaji, mashine fupi zenye mabrashi tumboni, walizunguka kutwa nzima wakimeza kila kilichoanguka. Watoto wa mji ule walikuwa hawajui jalala ni nini. Wanawake wanne, yaani Bibi Holo, Kalunde, Aikande na Sikitu, walilizunguka jengo lote wakitafuta rundo la taka kama watu waliopoteza pete. Walikagua nyuma ya jiko. Walikagua kando ya matangi ya maji. Kila mahali palikuwa pamepanguswa.

"Mji gani huu?" Bibi Holo alisema akipumzika ukutani. "Mtu ukiwa na shida ya kutupa kitu utakipeleka wapi?"

Sikitu aliwapeleka nyuma ya chumba cha kufulia. Pale mashine za kukaushia shuka zilitema nyuzi na vumbi, na kabla ya mfagiaji kupita palijaa rundo dogo, la kijivu, lenye majani makavu yaliyopeperushwa na upepo. Halikuwa kubwa kuliko mto wa kulalia. Bibi Holo aliligusa kwa mguu, akalikubali.

Kalunde alisimama mbele ya rundo akiwa amekishika kile kipande cha kanga kwa mikono miwili. Alitakiwa kukitupa na kugeuka bila kuangalia nyuma. Mikono yake haikufunguka. Kwa mbali ulisikika mvumo wa mfagiaji akija upande ule, akikata kona ya ukuta.

"Tupa, mwanangu," Bibi Holo alisema, na safari hii sauti yake haikuwa kali.

Kalunde alitupa. Aligeuka akatembea kuelekea ukutani, akaweka paji la uso pale. Mfagiaji alishatokeza, mabrashi yakizunguka, akiwa ameshaliona rundo. Aikande alikuwa amejiambia kwamba hii ni mila ya watu, na kwamba yeye anawasaidia tu. Lakini alipoona mabrashi yanakikaribia kipande kile chenye doa la damu, alipiga magoti vumbini kama mtu aliyesukumwa, akakinyakua, akakikumbatia. Mfagiaji alimzunguka, akala lile rundo lote, akaondoka. Pale chini palibaki sakafu tupu inayong'aa.

Bibi Holo alimfundisha cha kusema. Aikande alisogea nyuma ya Kalunde, akasema, "Nimeokota mtoto jalalani. Sina wa kunilelea. Nani atanisaidia?"

Kalunde alijipangusa uso kabla ya kugeuka. "Kitu hicho?" alisema. "Lete nikuone nacho. Lakini usinilaumu."

Sikitu alimwandika Aikande kuwa mlezi. Kisha Aikande akasimama mbele ya kiota cha dirishani, mahali ambapo alikuwa amesimama mara nyingi na bisibisi mkononi, akatakiwa kuzungumza. Hakuwa na mtoto, na hakuwahi kumwambia mtu yeyote maneno ya aina ile kwa sauti. Alisema aliyoyajua. Alimwita mzuri. Alimwambia karibu, alimwambia nakupenda, alimwambia tutakutunza. Maneno yalikuwa mepesi, karibu kama ya tangazo la sabuni. Sikio liliyapokea yote bila shaka yoyote. Taa ikageuka kijani, na kiota kikafunguka.

Nyuma yake Kalunde, aliyeingizwa na Sikitu, alikuwa ameziba masikio asije akasikia mtoto anasifiwa.

Aikande alimnyanyua mtoto. Alikuwa na uzito wa kitu ambacho mtu anaweza kukisahau mkononi. Akamkabidhi Kalunde na kumwambia, "Nishikie mtoto wangu." Kalunde alifungua kitenge akamlaza kifuani, ngozi kwa ngozi, akaanza kumtukana kwa sauti ya chini. Alimwita mbaya, alimwita mzigo, alimwita mla maziwa ya bure. Mtoto alitulia kumsikiliza. Alitafuta kwa mdomo, akakosa, akatafuta tena, akapata.

Sikitu alikwenda kusimama dirishani. Alipogeuka, Aikande alimuuliza ni wangapi waliokwenda nyumba ya malezi kabla ya huyu.

"Sikuwahesabu," alisema Sikitu. "Ningewahesabu nisingeweza kuja kazini."

Mvua zilipokwisha, ubia ulikaa. Aikande alieleza kila kitu, na waliomsikiliza hawakuwa watu wabaya. Mwakilishi wa Mbeleko alilia waziwazi. Mtu wa serikali aliuliza itakuwaje kuhusu watoto wanaotupwa kweli, kwa sababu nao wapo. Mwishowe walikubaliana kwamba sikio libaki, ila lifundishwe. Aikande atarekodi sauti za wanawake wa Tabora, matusi yao yote ya mapenzi, ili mashine ijue kwamba huku mbaya ni mpenzi. Dakta Rwechungura alimpongeza. Alisema sasa sikio litawaelewa wote.

Aikande alifurahi njia nzima. Alikwenda kijijini kwa akina Kalunde akiwa na kinasa sauti begani, akamkuta Bibi Holo anapepeta mtama. Alimweleza habari njema. Bibi Holo aliendelea kupepeta mpaka ungo ukabaki na mtama mtupu, kisha akauweka chini.

"Mashine yako ikishajua, nani mwingine atajua?"

"Mashine zote, bibi. Kila mji."

"Kila mji." Bibi Holo alirudia polepole. "Binti, sisi tumewaficha watoto ndani ya maneno haya tangu kwa mama zetu. Ukitandaza maneno nje, kila mpita njia akasoma kwamba ndani kuna mtoto anayependwa, tutamficha wapi?"

Aikande alijaribu kueleza kwamba mashine haimdhuru mtu. Bibi Holo alimwacha aseme. Alisema yeye hamzuii mtu kufanya kazi yake, ila sauti yake asiichukue, na ya mkwe wake pia. Kisha akamtengea uji.

Aikande alirudi mjini na kinasa sauti kitupu. Aliuandikia ubia kwamba hatalifundisha sikio; anaomba liondolewe, na mahali pake wawekwe watu wa kukaa na akina mama na kuwajua. Jibu lilikuja kwa upole kama kawaida. Ombi lake limepokelewa. Funguo ni mbili. Litazungumzwa kikao kijacho.

Siku ambayo mtoto aliruhusiwa kwenda nyumbani, jua lilikuwa kali na ukumbi ulikuwa umejaa. Walimwita Jalala, na jina hilo ndilo lililoandikwa. Alikuwa amenenepa mashavu. Kalunde alimfunga mgongoni, akamfunika kichwa chote asionekane, akatoka mlango mkuu pamoja na Bibi Holo. Juu ya mlango ule lilikuwapo sikio la mwisho, lililofuatilia kila mtoto na mlezi wake mpaka kizingitini, na kwalo chuki ya mara moja ilitosha.

Aikande aliwasindikiza, akasimama pale kizingitini. Alitaka kumwambia Kalunde maneno ya kuaga. Alitaka kusema mtoto amependeza, kwamba kila akipita dirishani atakikumbuka kiota kile. Kalunde aligeuka akamtazama, akasubiri, na Aikande akaona hofu ndogo imepita machoni mwake. Akayameza yale maneno.

"Kiondoe hapa kitu chako hicho," alisema. "Kibaya hivyo. Kimenichosha. Mimi sikitaki, na kisirudi tena."

Uso wa Kalunde ulifunguka wote. Aliinama kidogo, kama mtu anayepokea kitu kwa mikono miwili, kisha akashuka ngazi na mama mkwe wake, wakaenda zao.

Nyuma ya Aikande mlango ulijifunga. Aligeuka akaona taa nyekundu juu yake. Aliweka kiganja kwenye kioo, mahali ambapo mlango ulikuwa ukimtambua kila asubuhi. Maneno yalijitokeza: Mlezi ni hatari. Ndani, nyuma ya kioo, viota vilikuwa vikipanda na kushuka, na mikono ya chuma ilikuwa ikimteremsha mtoto mwingine kutoka paani. Sikitu alimwona, akaacha alichokuwa akifanya, akasimama tu.

Aikande aliondoa kiganja. Pembeni yake, kwenye benchi la saruji, walikaa wanawake na mafurushi yao. Mmoja wao, mwenye kitenge kilicholowa kifuani, aliitazama taa, akamtazama yeye, kisha akawagusa wenzake kwa kiwiko.

"Songeni," alisema. "Songeni mama naye akae."